Korosho zaingia sokoni, mawakala wa pesa za simu Mtwara wasaka noti

Kila mwaka kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza mkoani Mtwara, kuna biashara moja ndogo inayopata wateja wengi kuliko uwezo wake. Ni ya wakala wa pesa za simu: meza, mwavuli wenye rangi ya kampuni, simu tatu au nne na daftari. Mkulima wa Tandahimba au Newala hulipwa kupitia akaunti ya benki. Asiyetaka kupanga foleni mjini huhamishia fedha kwenye simu yake, na anayetakiwa kuzigeuza kuwa noti ni huyo mwenye meza.

Kampuni zinazoendesha huduma hizi zimekua haraka. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, ilifuata mwaka 2010. Vodacom ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa sh. 850 kila moja na kukusanya sh. bilioni 476, wawekezaji wadogo wengi walijiona wamenunua kampuni ya simu. Kumbe walinunua pia biashara ya kupeleka na kutoa fedha, ambayo imekuwa moja ya nguzo kubwa za mapato yake.

Anayetaka kujua kazi katika kampuni hizo ikoje asiishie kwenye ofisi za Dar es Salaam. Wenye mshahara na kitambulisho cha kampuni ni wachache. Kazi ya kupokea na kutoa fedha inafanywa na mawakala, ambao nchi nzima huhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na kwa mkataba hao si waajiriwa. Wanahesabiwa kuwa wafanyabiashara wanaojitegemea. Kodi ya pango, leseni na mlinzi wa usiku ni juu yao. Mshahara hawana, wana kamisheni kwa kila muamala. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtaji nao ni wao.

Mtaji huo umegawanyika mifuko miwili: noti zilizo kwenye droo, na fedha zilizo kwenye laini, ambazo wenyewe huziita floti. Mteja akitoa fedha, noti zinapungua na floti inaongezeka. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Tuchukue mfano wa wakala wa kijijini mwenye sh. 2,000,000, nusu noti na nusu floti. Wakulima watano wakija asubuhi na kila mmoja akatoa sh. 200,000, droo imekwisha. Wakala anabaki na floti ya sh. 2,000,000, na mteja wa sita anaambiwa aende kwa jirani. Hakuna hata senti iliyopotea, lakini mtaji wote umelala, na mtaji uliolala hauleti kamisheni.

Wiki hiyo hiyo, katika Soko Kuu la Mtwara mjini, ugonjwa ni mwingine. Wenye maduka waliouza mabati, magodoro na vitenge kwa wakulima wanaleta noti ili zitumwe Kariakoo kununua mzigo mpya. Wakala wa mjini anajaza droo na kuishiwa floti. Fedha ni zile zile za korosho. Kijijini zinakosekana kwenye droo na mjini zinakosekana kwenye simu. Kati ya wawili hao kuna barabara, bodaboda na mfuko wenye noti.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na haionekani katika mabango ya kampuni. Wakala wa kijijini hufunga meza saa nzima au zaidi, akaenda benki au kwa wakala mkuu kubadili floti iwe noti, kisha akarudi. Nauli hairudishiwi, na wateja waliokuta meza imefungwa hawamsubiri. Akiporwa njiani, hasara ni yake. Wenye busara hukubaliana mapema na mwenye duka la jumla au kituo cha mafuta, ambao jioni wana noti nyingi wasizotaka kulala nazo: wanapokea floti na kutoa noti. Urafiki wa namna hiyo una thamani kuliko mkopo.

Ukielekea kusini, kwenye vijiji vya upande wa Mto Ruvuma kama Msimbati, Kilambo na Kitaya, hesabu inabadilika tena. Wateja ni wavuvi, wachoma chumvi na wakulima wa bondeni; miamala ni midogo, na tawi la benki ni safari ya kwenda mjini. Hofu nayo ina bei yake. Kitaya ilishambuliwa na waasi kutoka ng'ambo ya mto Oktoba 2020, na tangu hapo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mfanyabiashara wa huko hapendi kulala na droo iliyojaa.

Hatari nyingine haziji na silaha. Yupo anayepiga simu akijidai ofisa wa kampuni na kuomba namba ya siri. Yupo anayetaka fedha zitumwe kwanza, noti zihesabiwe baadaye. Foleni ikiwa ndefu, kukosea tarakimu moja ya namba ya simu ni rahisi, na fedha zikishatolewa na aliyezipata, wakala hufidia mfukoni mwake. Kosa moja la sh. 100,000 laweza kumeza kamisheni ya siku nyingi.

Halafu kuna maamuzi yanayofanyika mbali na meza. Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala, iliyofikia sh. 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Wateja wengi walirudi kwenye noti mkononi, na kampuni zenyewe zililalamikia kushuka kwa mapato. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikawa sh. 4,000. Korosho nayo ina miaka yake. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei na wanunuzi, Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua mazao yote kwa sh. 3,300 kwa kilo. Malipo yalisubiri uhakiki, na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 wakiwa hawajapata fedha. Kwa aliyekopa mtaji wa msimu, riba ilianza kutembea kabla ya mteja wa kwanza.

Kwa mwenye hisa, swali ni jingine. Mteja anapolipa dukani moja kwa moja kwa simu, au kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kutoa noti, kampuni inaweza kupata ada yake ilhali wakala hapati kitu. Ukuaji wa aina hiyo unapendeza katika hesabu za mwisho wa mwaka. Hata hivyo, mkulima wa Tandahimba bado anamlipa kibarua wake kwa noti, na kampuni isiyo na mtu wa kumpa noti hizo itampoteza yeye pamoja na kibarua. Wenye laini tatu au nne juu ya meza moja wanalijua hilo. Ndiyo maana kamisheni ya mtandao mmoja ikipungua, mteja anaambiwa floti ya huko imekwisha.

Anayefikiria kufungua meza kabla ya msimu aanze na kumtafuta wa kumbadilishia noti, mwavuli baadaye. Ajipange pia kwa Januari, shule zinapofunguliwa na wazazi wanapoanza kuleta noti zitumwe kwa ada. Wakati huo droo hujaa, na kinachosakwa ni floti.