Je, Wajua? Maajabu ya Vitafunwa vya Saa Nne

Saa nne asubuhi haina mbabe. Mhasibu na mlinzi, fundi cherehani na karani wa benki, wote tumbo huwakumbusha kwamba chai ya alfajiri imeshamaliza kazi yake na chakula cha mchana bado kiko mbali. Wengi hukimbilia andazi na soda. Kumbe hatua chache tu kutoka hapo, kwenye beseni la muuza matunda na sinia la muuza karanga, kuna vitafunwa vyepesi, vya bei nafuu na vyenye visa vya kushangaza kuliko pakiti yoyote ya dukani. Haya, vuta kiti.

Kijani nje, limeiva ndani

Chungwa la Muheza, mkoani Tanga, laweza kuwa la kijani kabisa nje huku ndani limeiva na kukolea utamu. Ganda hugeuka rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuivunja rangi ya kijani. Penye joto mwaka mzima, tunda huiva na ganda likabaki vilevile. Basi usimkimbie muuzaji kwa sababu ya rangi. Lipime chungwa kiganjani: lililo zito ndilo lenye maji.

Pera 4, Chungwa 1

Gramu 100 za pera zina takribani miligramu 228 za vitamini C, ilhali chungwa la uzito huohuo lina kama miligramu 53. Hiyo ni mechi iliyokwisha kabla ya mapumziko! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, kwa hiyo nusu ya pera inakutosha na kusaza. Na ni tunda ambalo vijijini mara nyingi huanguka na kuozea chini ya mti.

Vijiko vinane ndani ya chupa moja

Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola kwa kawaida hubeba takribani gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai. Hakuna anayetia vijiko vinane kwenye kikombe chake mbele ya wenzake! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Soda moja tu, nawe umeshapita kile kiwango bora kabla ya jua la utosi.

Embe lasamehewa, juisi yake yahukumiwa

Katika mwongozo huohuo, sukari iliyomo ndani ya embe zima haihesabiwi kabisa, lakini embe hilo likishakamuliwa juisi, sukari yake huwekwa kundi moja na ya kopo. Tunda zima hutafunwa taratibu na nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari. Juisi hushuka kwa mikupuo mitatu. Ukiweza kutafuna, usikamue.

Ndizi ni beri, na mgomba si mti

Kwa wataalamu wa mimea, ndizi ni beri, sawa na nyanya, lakini stroberi, pamoja na jina lake zuri, si beri. Mgomba nao ni mmea mkubwa wa jamii ya majani tu: kile tunachokiita shina ni vikonyo vya majani vilivyoviringana. Kwa mtu wa kazini, uzuri wa ndizi ni kwamba inakuja na kifungashio chake, haihitaji kisu wala maji ya kuoshea, na ya ukubwa wa wastani ina kalori kama 105. Yenye madoa meusi ni tamu zaidi kwa kuwa wanga wake umegeuka sukari. Yenye ncha za kijani bado ina wanga mwingi na hupandisha sukari ya damu polepole.

Ua juu, karanga chini

Karanga huchanua ua lake juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama, huchoma udongo na kuzaa gizani. Licha ya kukaa meza moja na korosho, karanga ni ndugu ya maharage na kunde, na ndiyo maana robo ya uzito wake ni protini. Konzi moja inatosha kukufikisha saa saba. Ila chambua: iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu, itupe. Huenda ina sumukuvu, ambayo kukaanga hakuimalizi. Sumu hiyohiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004.

Korosho hukidanganya kikokotoo

Unapokula korosho, mwili hauzipati kalori zote zilizoandikwa kwenye pakiti. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu korosho, wakapima kilichoingia na kilichotoka, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba gramu 28 zilitoa kalori 137 badala ya 163 zilizotarajiwa. Sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya chembechembe ambazo meno hayakuzisaga. Watu wa Mtwara na Lindi wana sababu nyingine ya kutabasamu, ila chagua zisizojaa chumvi.

Bisi moja, jiko la mvuke

Punje ya bisi hulipuka ikifika nyuzi joto 180 hivi za Selsiasi, baada ya maji kidogo yaliyomo ndani kugeuka mvuke na kusukuma ganda kwa nguvu ya takribani mara tisa ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Kwenye pwani ya Peru yamepatikana mabaki ya mahindi, yakiwemo ya bisi, yenye umri wa miaka 6,700 hivi, kabla wenyeji wa huko hawajaanza kufinyanga vyungu! Vikombe vitatu vya bisi zisizo na mafuta vina kalori chache kuliko ndizi moja, na ni nafaka nzima isiyokobolewa. Kinachoziharibu ni siagi, sukari na chumvi tunazozimwagia.

Safu za gunzi ni shufwa

Hesabu safu za punje kwenye hindi la kuchoma: karibu siku zote utapata shufwa, si witiri. Na kila unywele wa hindi ulikuwa na punje yake moja. Unywele usiopata chavuo huacha pengo kwenye gunzi. Hindi la kuchoma lililopakwa ndimu na pilipili ni nafaka nzima isiyohitaji hata tone la mafuta. Sasa una jambo la kubishania na wenzako wakati wa kutafuna.

Yai la kuchemsha huwahi kuharibika kuliko bichi

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na yai bichi huja na utando mwembamba unaoviziba. Kuchemsha huuondoa utando huo, vijidudu vikapata mlango. Ndiyo maana yai la kuchemsha halifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, sembuse kushinda kwenye droo ya meza. Likiliwa kwa wakati, hilo yai boilo na kachumbari yake hukupa gramu sita za protini kwa kalori chini ya 80.

Parachichi haliivi mtini

Parachichi laweza kuning'inia mtini kwa miezi likiwa limekomaa bila kulainika. Huanza kuiva pale tu linapochumwa. Ukilinunua gumu siku ya Jumatatu, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu: gesi inayotoka kwenye ndizi italiharakisha. Lina mafuta mengi, kweli, ila ni mafuta mema, na kila gramu 100 zake zina takribani gramu saba za nyuzinyuzi. Tufaha la bei ghali halifikii hata nusu ya hizo.

Kilo tatu na nusu za matango

Ili upate kalori zilizomo katika gramu 100 za krispi, ungelazimika kula kama kilo tatu na nusu za matango. Tango ni maji kwa asilimia 95, na tikiti maji linalifuata kwa karibu, kwa asilimia 92. Kwa anayependa kitu cha kutafuna huku akiandika ripoti, vipande vya tango vyenye ndimu huipa mdomo kazi bila kuukasirisha mkanda wa suruali.

Kiazi kitamu kilichokwenda kuchukua tuzo

Mwaka 2016 wanasayansi wanne walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, waliipata kwa kazi yao juu ya kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo malighafi ya vitamini A: gramu 125 tu za kiazi hicho hukidhi mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Chemsha usiku, beba asubuhi. Utafiti uliofanywa Jamaika ulionyesha kuwa viazi vitamu vya kuchemsha hupandisha sukari ya damu polepole kuliko vya kuoka.

Kunywa maziwa ukubwani ni kipaji

Karibu theluthi mbili ya watu duniani hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan walipata uwezo huo kwa mabadiliko ya kinasaba yao wenyewe, tofauti kabisa na yale ya Wazungu. Kama tumbo lako huunguruma kwa maziwa, jaribu mtindi: bakteria wake wameshaila sehemu ya sukari hiyo na husaidia kumeng'enya iliyobaki. Chagua usiotiwa sukari.

Mbegu iliyolala miaka 2,000

Mwaka 2005 mbegu ya tende yenye umri wa karibu miaka 2,000, iliyofukuliwa kwenye ngome ya Masada, ilipandwa nchini Israeli na ikaota. Tende ina nyuzinyuzi na madini, lakini theluthi mbili hivi ya uzito wake ni sukari. Wenyeji wa Omani na wa pwani yetu walishaijua dawa: tende chache na kahawa chungu. Tatu zinatosha. Zikifika kumi, umekula keki.

Ubuyu hukaushwa na mti wenyewe

Ubuyu ni miongoni mwa matunda machache yanayokauka yakiwa bado yananing'inia mtini. Ukilipasua buyu unakuta unga mkavu tayari, wenye vitamini C na nyuzinyuzi. Mmoja wa mibuyu iliyopimwa, ule wa Panke nchini Zimbabwe, ulikuwa na umri wa takribani miaka 2,450 ulipokufa. Ulaya iliruhusu unga huo kuuzwa kama chakula mwaka 2008 tu. Mumunya ule mweupe wa asili. Mwekundu unaopaka ulimi rangi umeshaingizwa kwenye sukari.

Senene si panzi

Kisayansi, senene wa Bukoba na Uganda wako karibu zaidi na nyenje kuliko na panzi wa kawaida, na zaidi ya theluthi ya uzito wao mkavu ni protini. Ripoti ya mwaka 2013 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu bilioni mbili duniani hula wadudu kama sehemu ya chakula chao cha jadi. Waliokaangwa wakakauka huvumilia safari na droo ya ofisini. Mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu, huenda senene nao wakamdhuru.

Muhogo mbichi una siri

Kila muhogo una kemikali inayoweza kutoa sianidi pale unapokatwa au kutafunwa. Ile mitamu, inayouzwa barabarani na nazi na karanga, ina kiasi kidogo. Michungu ni hatari isipolowekwa na kuanikwa, na nchini Kongo, Msumbiji na Tanzania imewahi kuwaletea watu konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Ukipata wa kuchemsha, chukua huo.

Chai huiba chuma

Chai ikinywewa pamoja na chakula yaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kutoka kwenye nafaka na maharage. Vitamini C hufanya kinyume chake: huyasukuma madini hayo yaingie. Kula kwanza, shushia na chungwa au pera, kisha chai isubiri saa moja. Hasa kinamama, ambao huhitaji chuma zaidi, wasilipuuze hili.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji jiko la ofisini, wala mshahara wa meneja. Kesho chagua viwili: tunda moja, na kitu kimoja chenye protini, iwe karanga, yai au mtindi. Weka na chupa ya maji mezani, nawa mikono, kisha mrudishie muuza soda salamu zake tu.