Kuungama na Kurudisha

Watu wengi hudhani ya kuwa kuungama ni kusema tu. Mtu huinamisha kichwa kanisani, hutamka maneno ya toba pamoja na wenzake, kisha hurudi nyumbani, na jembe la jirani aliloliiba msimu uliopita lingali nyuma ya ghala lake. Je, mtu huyo ameungama?

Swali hili liliwasumbua sana watu wa Gahini, katika nchi ya Rwanda, mwishoni mwa mwaka 1933. Hapo palikuwa na hospitali na kanisa la misheni ya Kiingereza, na mganga wake mmoja alikuwa Dk. Joe Church, ambaye mwaka 1929 alikutana huko Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Uamsho uliotoka Gahini ulifika Kenya mwaka 1937. Waganda waliwaita watu wake Balokole, Wakikuyu wakawaita Ahonoki. Maana ni moja, waliookoka.

Jambo lililowashangaza majirani halikuwa machozi wala nyimbo, bali madeni. Mtu alisimama mbele ya wenzake akautaja wizi wake, kisha akamwendea mwenye mali, na mali yenyewe mkononi. Hebu fikiri, msomaji, ugumu wa jambo hili kwa karani aliyedokoa fedha za ofisi. Akinyamaza, hapana ajuaye. Akisema, aweza kupoteza kazi, naye ana watoto shuleni. Tena huenda akashtakiwa, kwa maana hakimu hafungwi na msamaha uliopatikana kanisani.

Hata hivyo agizo hili si geni. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 6, mwizi huamriwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Lakini hapa wengi hukosea: Zakayo hakununua msamaha. Yesu alikwisha kusema kwamba atashinda nyumbani kwake kabla yeye hajaahidi hata senti moja. Msamaha wa Mungu hauna bei. Ila aliyesamehewa hawezi tena kula kwa raha kilicho cha mwenziwe.

Kuungama hadharani kulikuwa na hatari yake pia. Wengine walisimulia uzinzi wao kwa urefu mno, hata heshima ya mwanamke asiyekuwapo ikavunjika. Wamisheni na wazee wa kanisa walilalamika, nami naona walikuwa na haki. Wakatoliki huungama kwa padre faraghani, wala padre hana ruhusa ya kumtolea mtu ye yote siri hiyo. Lakini yeye naye humwagiza mwizi arudishe.

Na kama mwenye mali amekwisha kufa? Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinajibu: apewe jamaa yake wa karibu; na akiwa hana jamaa, mali hiyo ni ya Bwana, akabidhiwe kuhani.