Baraka: Antivirasi mbili kwenye kompyuta moja, na ugomvi ulioanza miaka 40 iliyopita

Nilifika kwenye sekretaria moja mjini Baraka, karibu na soko, nikiwa na ripoti ya kurasa 14 kwenye fleshi. Nilitaka kuichapisha tu kabla gari la Uvira halijaondoka. Kijana wa pale akachomeka fleshi, akafungua faili, tukasubiri. Dakika tano, kisha kumi. Jenereta ilikuwa ikiunguruma nje, na nyuma yangu watu wamejipanga na barua za kuomba kazi, vyeti, na wanafunzi wawili na kazi zao za kumaliza masomo, zile zinazoitwa TFC.

Mwishowe faili yangu ikatoweka kwenye orodha. Haikuwepo tena.

Wengi wetu hapo tungelaumu virusi. Lakini safari hii virusi havikuhusika. Kompyuta ile ilikuwa na antivirasi mbili. Aliyeongeza ya pili aliona kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja, na kwa nyumba ni kweli. Kwa kompyuta si hivyo. Kila antivirasi hutaka kuisoma faili kabla haijafunguliwa. Ya kwanza ikiifungua ili kuikagua, ya pili inaona kuna faili inafunguliwa, nayo inataka kuikagua. Zinasubiriana. Na moja ikiamua kuitia faili karantini, mwenye faili anaona pengo tu.

Asili yake ni kompyuta za nyumbani

Ugomvi huu si mpya. Mwaka 1982, nchi hii ikiitwa Zaire, kampuni ya Commodore ilianza kuuza huko Marekani kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64, kwa dola 595. Ilikuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu. Picha moja ya simu yako ya leo haiwezi kuenea humo.

Ukiiwasha, ilikuambia una baiti 38911 za kuandikia programu zako. Pembeni kulikuwa na uwanja mdogo ambao lugha ya BASIC haikuugusa, kuanzia anwani 49152, wenye baiti 4096. Ndipo watu walipoweka programu ndogo za msaada: ya kurahisisha amri za diski, ya kupanga namba za mistari, ya kuonyesha saa kwenye kioo.

Shida ni kwamba kila mtengenezaji aliuona uwanja huo kuwa wake. Programu ya amri za diski iliyotolewa na Commodore yenyewe ilikaa kuanzia anwani 52224. Piga hesabu: programu nyingine ikianza 49152 na kuzidi baiti 3072, inaikanyaga ile ya diski. Ubaya wake ni kwamba haionekani mara moja. Kompyuta inaendelea vizuri hadi siku unapoita amri iliyokanyagwa, labda saa moja baadaye, katikati ya kazi usiyoihifadhi.

Kulikuwa na mtego mwingine, na kwangu ndio wa kuvutia zaidi. Mara 60 kila sekunde, Commodore 64 iliacha kazi yake kidogo ili kuangalia kama kuna kitufe kilichobonyezwa. Mahali pa kwenda wakati huo paliandikwa kwenye anwani mbili tu, 788 na 789. Programu ndogo iliyotaka kufanya kazi chinichini iliandika anwani yake hapo. Yenye adabu ilihifadhi kwanza anwani iliyoikuta, na ikimaliza zamu yake inamwachia aliyekuwepo. Isiyo na adabu ilikwenda moja kwa moja kwenye anwani ya kiwandani, 59953, na wa katikati hakupata zamu tena.

Kwa hiyo mpangilio wa kuzipakia ulibadilisha kila kitu. Ukianza na isiyo na adabu halafu yenye adabu, zote mbili zinafanya kazi. Ukigeuza, ile saa inasimama, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mtu angeapa kwamba programu zote mbili ni nzima, na angekuwa sahihi.

Kompyuta za IBM nazo hazikupona. Programu ya Borland iitwayo SideKick, iliyotoka mwaka 1984, ilikaa kwenye kumbukumbu ikisubiri ubonyeze vitufe ili ikupe daftari au kikokotoo. Watumiaji walizoea kuipakia ya mwisho, baada ya nyingine zote, kwa sababu haikupenda kuwa nyuma ya mtu.

Tukirudi Baraka

Leo Windows huzima antivirasi yake yenyewe ikiona umeweka nyingine, kwa sababu hiyohiyo. Ukiongeza ya tatu kutoka kwenye fleshi ya rafiki, hapo umejitafutia.

Ipo hatari kubwa zaidi ya faili kuchelewa. Kuna kirusi cha fleshi kinachoficha mafolda yako na kuacha njia za mkato badala yake. Antivirasi hufuta zile njia za mkato, lakini si kila mara hurudisha kilichofichwa. Fleshi inaonekana tupu, mwenye nayo anakubali iformatiwe, na hapo ndipo TFC ya miezi inapotea kweli. Kabla ya kuformati, mwambie mhudumu awashe kuonyesha faili zilizofichwa. Ni kazi ya dakika moja. Na ukiona mashine inasuasua, muulize ina antivirasi ngapi.

Kijana wetu aliiondoa antivirasi moja, akawasha mashine upya, akaikuta ripoti yangu kwenye karantini ya ile iliyobaki. Kurasa 14 zote zilikuwemo. Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa ameshachukua fleshi yake na kwenda sekretaria nyingine. Gari la Uvira nalo lilikuwa limeondoka.