Hasheem Thabeet: Msee wa Dar Aliyechaguliwa NBA Mbele ya Harden na Curry, na Vile Mambo Yaligeuka

Kama wewe ni mrefu na umekulia Jomvu Kuu, hii maneno ushaizoea: "Si uende Marekani ukacheze baske?" Konda atakuambia ukiinama kuingia matatu. Shangazi atakuambia kwa harusi. Watu wanaona urefu, wanaona doh. Basi tulia nikupigie stori ya msee wetu wa pwani aliyefika huko kweli.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21 hivi. Lakini shika hii: alianza kucheza baske akiwa na miaka 15. Kwa huo umri, vijana wengi wa Marekani wako na miaka kumi mkononi na mpira. Hii deni ya miaka ilikuja kumfuata baadaye.

Alivuka Marekani, akamaliza sekondari Houston, kisha 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alikuwa noma. Ukirusha mpira karibu na ringi, mkono wake ushafika. Kwa misimu 3 alibloku mipira zaidi ya 400. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya vyuo, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, Big East, na DeJuan Blair. Hapo akaacha chuo mwaka mmoja kabla ya kumaliza. (Hata mimi niliacha college. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anangojwa na mamilioni, mimi nilikuwa nangojwa na maswali ya mamangu.)

Drafti ni nini?

Kila mwaka timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi 2. Timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia, na bahati nasibu huamua nani apate nafasi za juu kabisa. Ukichaguliwa raundi ya kwanza, mkataba wako wa kwanza hupangwa kulingana na namba yako: miaka 2 ya mwanzo pesa ni yako hata ukikalia benchi. Mwaka wa 3 na wa 4, timu ndiyo huamua kama inaendelea na wewe. Raundi ya pili hakuna hiyo ahadi.

Tarehe 25 Juni 2009, namba 1 alikuwa Blake Griffin. Namba 2, Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet. Mtanzania wa kwanza NBA! Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7, Stephen Curry. Ndio, huyo huyo Curry.

Kwa nini ikagoma?

Kwanza, nafasi. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol pale katikati, na Gasol akazidi kuiva. Huwezi kujifunza kazi ukiwa umekaa unapiga makofi.

Pili, ile deni ya miaka. Chuo, urefu peke yake unatosha kutisha watu. NBA kila mtu ni jitu, na majitu hayo yana nguvu na kasi. Thabeet alikuwa anakusanya faulo haraka na kurudi benchi. Msimu wa kwanza alimaliza na wastani wa pointi 3.1 kwa mechi.

Tatu, mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika. Timu zilianza kutaka watu wa kurusha kutoka mbali, na jitu la kusimama chini ya ringi likaanza kupoteza soko. Mmoja wa walioongoza hayo mabadiliko? Curry.

Februari 2010 Memphis wakamshusha ligi ndogo, Dakota Wizards. Mpaka hapo hakuna aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kushushwa. Baadaye akapita Houston, Portland, kisha Oklahoma City pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Mechi yake ya mwisho NBA ilikuwa msimu wa 2013-14. Jumla: mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Mitandao humuita "bust", yaani hasara. Mimi nakataa. Makosa ya kumchagua mbele ya Curry ni ya waliochagua. Yeye alicheza misimu 5, kisha akaendelea kula kwa jasho lake Japani na Taiwan.

Sasa wewe wa Jomvu Kuu?

Angalia pia Tylor Ongwae wetu. Hajacheza NBA. Alisomea Marekani kupitia baske, akalipwa Ulaya, akiwemo na Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021 kule Yaoundé alirusha mpira wa mwisho, Kenya ikapiga Angola 74-73. Angola, ambao wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11! Kenya ikarudi AfroBasket mara ya kwanza tangu 1993.

Kwa hivyo urefu ni nauli tu, utakufikisha stage. Ukiwa na mdogo wako anayegonga kichwa mlangoni, usimwambie atakuwa tajiri. Mtafutie mpira na ringi sasa hivi, akiwa na miaka 9. Akifika 15, wenzake watakuwa wameshatoka mbali.