Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Matangi ya kioo ya kufugia samaki wa maji baridi yameingia siku hizi katika nyumba nyingi za mijini. Si ajabu, kwani samaki hapigi kelele, hachafui zulia, wala hagombani na paka ila paka aanze. Wapo waliotuuliza kwanza kama yafaa kumfunga kiumbe kwa ajili ya kumtazama. Jawabu lake si refu. Wanavyuoni wengi wameruhusu, nao hutaja habari ya Abu Umayr, mtoto wa Madina aliyekuwa na kindege chake, ambaye Mtume (s.a.w.) alimsemesha kwa upole kindege hicho kilipokufa. Lakini husharutisha kwamba mwenye kufuga atimize haki ya mfugwa: chakula, maji na makao yasiyomdhuru. Kwa samaki sharti hili ni zito kuliko kwa kuku, maana kuku akiona taabu hulia, ama samaki hufa kimya.

Na wengi hufa. Baba hununua tangi Jumamosi asubuhi, akalijaza maji ya mfereji, na jioni ile ile akamimina samaki kumi. Siku mbili tatu nyumba nzima hukaa mbele ya kioo. Siku ya nne samaki mmoja hupanda juu akitweta, na kufika siku ya kumi hapana hata mmoja aliyebaki. Mtoto aliyekuwa akiwalisha hudhani kuwa yeye ndiye aliyewaua. Tumeyaona machozi ya namna hiyo chuoni petu, ya kijana wa miaka minane ambaye wiki nzima hakutaka kuulizwa habari za samaki wake. Mtoto yule hakuwa na kosa, wala aghalabu muuzaji hana kosa. Kilichowaua ni haraka.

Sababu yenyewe ni hii. Samaki hutoa uchafu kwa matamvua yake na kwa kinyesi, na uchafu huo, pamoja na chakula kilichooza, huwa amonia, ambayo ni sumu kali. Mtoni au ziwani maji ni mengi, na vijidudu visivyoonekana kwa macho viko tayari kuila. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huiharibu damu ya samaki isichukue hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru mpaka izidi sana. Mambo haya yalibainishwa na Mrusi Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890. Basi tangi jipya, hata likimeremeta kama kikombe cha arusi, halina vijidudu hivyo vya kutosha. Usafi wake ndio ila yake.

Kwa hiyo hapana budi kungoja. Lijazeni tangi, liwasheni chujio usiku na mchana, kisha kila siku tieni chembe chache za chakula cha samaki zioze humo, ingawa samaki hayumo. Watoto watacheka kuwa mwalisha maji, waacheni wacheke. Madukani huuzwa dawa za kupimia maji. Mtaona amonia ikipanda, kisha ikishuka na nitriti ikipanda, kisha zote mbili zikawa sifuri na nitrati ikaonekana. Kazi hiyo aghalabu huchukua wiki tatu mpaka sita. Mwenye rafiki aliye na tangi la zamani lenye samaki wazima aombe kipande cha sponji ya chujio lake, kwani vijidudu hukaa humo, na muda utapungua sana. Na sponji ikichafuka isioshwe kwa maji ya mfereji yenye klorini yakaviua; ioshwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Maji ya mfereji yakitiwa klorini, yaacheni wazi siku nzima au zaidi, nayo itatoka. Penye kloramini hiyo haitoshi. Hutakiwa dawa yake. Mchanga wa pwani na makombe msitie, kwani chokaa yake huyafanya maji kuwa magumu, ila kwa samaki wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao maji ya kwao ni ya namna hiyo. Tangi la lita 60 ni jepesi kulitunza kuliko la lita 10, kwa kuwa katika maji mengi sumu hujaa polepole. Lakini maji yake peke yake ni kilo 60, basi meza iwe imara, na mbali na jua.

Siku ya samaki ikifika, wawe watatu au wanne tu. Sisi twapendelea gapi, kwa kuwa ni mvumilivu. Lakini chagueni madume matupu, kwani jike moja huweza kuzaa mara nyingi kwa mbegu za dume aliyekutana naye zamani. Uelezeni mfuko juu ya maji robo saa, kisha tieni ndani yake kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika chache, mpaka nusu saa ipite. Mteke samaki kwa wavu, na maji ya mfuko mwageni nje. Taa izimwe, na siku ile msiwalishe. Wengine waongezwe baada ya wiki mbili, wachache wachache.

Kijana mwenye hamu ya zaidi ajue kwamba Unguja ina samaki wake, Nothobranchius guentheri, dume lake lina mkia mwekundu, naye aliandikwa na wataalamu tangu mwaka 1893. Madimbwi yake yakikauka yeye hufa, na mayai hungoja topeni mpaka mvua.

Kila wiki toeni robo ya maji mkatie mengine. Yale yaliyotolewa yamwagieni mirehani, kwani nitrati ni chakula cha mimea.