Taa ya Msikitini na Mkebe wa Makaa



Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika kwa mwezi mzima, na kila ikitangaza, baraza zetu hupata mada. Sisi wa Mombasa huambiwa tushukuru, kwani bei yetu huwa chini kidogo kuliko ya Nairobi. Mafuta hushukia papa hapa Kipevu, wala hatutozwi gharama ya kuyapandisha bara. Shukrani hiyo haitoshi nauli ya tuktuk.

Barazani pana kauli mbili. Mmoja husema serikali ipunguze kodi, basi. Wa pili husema tumezoea kutumia ovyo, tujifunze kubana matumizi, na kwamba juu ya hasara ya pesa ipo hasara ya ardhi na bahari inayoharibika. Tumewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu. Wa kwanza ana haki. Wa pili naye asema kweli, ila aghalabu humhutubia asiyestahiki kuhutubiwa.

Tuitaje kwanza haki ya mlalamikaji. Mnamo Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli na dizeli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ukatoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Gesi ya kupikia ilitiwa kodi ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa mwaka uliofuata, hata ikaondolewa 2023. Na mafuta ya taa, ambayo ni mafuta ya maskini, yalitwishwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Kosa likawa la wachanganyaji, malipo yakawa ya mama mwenye stovu.

Mama huyo leo hununua makaa kwa mkebe, kwa sababu hana bei ya gunia, na mkebe kwa mkebe hatimaye huwa ameilipa bei ya gunia na kuizidi. Kumwambia abane matumizi ni kumfundisha samaki kuogelea. Maharage huyaroweka tangu usiku, chungu hukifunika, hupika mara moja kwa milo miwili, na makaa aliyopalilia wali huyazima ili ayatumie kesho. Huyu hana israfu ya kukatazwa.

Wapo wanazuoni waliotofautisha israfu na tabdhiri: israfu ni kupita kiasi katika jambo lililo halali, na tabdhiri ni kuitoa mali pasipo mahali pake. Kwa vyovyote, makatazo yote mawili humtafuta mwenye ziada. Tena aya ya 31 ya Suratul Aaraf, ambayo ndiyo hutajwa sana katika mlango huu, kabla ya kufika kwenye kula na kunywa huanza kwa kutaja msikiti. Basi nasi tuanzie huko.

Ingieni katika baadhi ya misikiti yetu baina ya adhuhuri na alasiri. Mapangaboi yazunguka juu ya safu tupu. Kiyoyozi chavuma na milango i wazi. Penye mahali pa kutawadhia, mfereji hufunguliwa mtu hajakunja bado mikono ya kanzu, na maji hayo yamepandishwa tangini kwa pampu ya umeme. Katika riwaya za Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja, na akikoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Sisi twatumia mara nyingi ya hicho kwa miguu peke yake.

Mtu atasema kwamba umeme wa Kenya watokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana, sasa madhara yako wapi? Ni kweli. Lakini baada ya magharibi, nyumba zote zinapowasha taa kwa pamoja, umeme huo huongezewa ule wa mitambo inayochoma mafuta mazito, na mingine ya mitambo hiyo iko kwetu, Kipevu na Rabai. Gharama ya mafuta hayo hurudi kwa kila mteja, katika kila bili na kila tokeni, hata ya mjane mwenye balbu moja. Taa iwakayo bure msikitini saa mbili usiku huchangiwa naye. Na mwezi ambao jambo hili huzidi ni Ramadhani, kwa kuwa futari, isha na tarawehe zote huangukia saa hizo hizo.

Hatusemi watu waswali gizani. Wala hatupendi kusikia hadithi ya kuzima taa wakati wa kulala ikiletwa hapa kuwa dalili. Sababu iliyotajwa humo ni panya asije akauburuta utambi akaunguza nyumba, na hadithi isibebeshwe isichobeba. Hoja yetu ni amana. Pesa inayolipa umeme wa msikiti ni ya wakfu au ya sadaka, na nadhiri wa wakfu ni mwangalizi, si mwenye mali.

Harusi zetu nazo zina lao. Mchele umevuka bahari kutoka Pakistan, mbuzi wameletwa kwa lori, biriani imekokewa kuni tangu alfajiri, kisha masinia yarudi nusu. Wanaohesabu hasara husema nyama na mchele, kuni hawazitaji. Ilhali katika tanuri la udongo kilo kumi za mti hutoa kilo moja au mbili tu za makaa, na miti hiyo yatoka mahali. Atakayejitetea kwamba Kenya haina hata asilimia moja ya moshi wa dunia amesema kweli tena, lakini mkoko ukikatwa Lamu au Vanga, samaki waliokuwa wakizaliana mizizini hawasubiri mikutano ya dunia, wahama. Watu wa Gazi na Makongeni, Kwale, walilifahamu hilo. Tangu 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, hulipwa kwa kuilinda mikoko, na pesa hizo zimeingia katika maji na shule za vijiji hivyo.

Twapendekeza basi kwa kamati za misikiti: bili ya umeme ya kila mwezi ibandikwe ubaoni, kando ya ratiba ya nyakati za swala, na ile ya mwezi uliotangulia ubavuni mwake. Kitakachookolewa kiwajazie mitungi ya gesi wale majirani wa msikiti wanunuao makaa kwa mkebe. Hapa pana mas'ala ya kifiqhi, nayo ni kwamba aliyetoa mali yake kwa sharti la umeme, sharti lake haligeuzwi bila idhini yake. Aulizwe kwanza. Wengi wa wafadhili hao ni watu tunaowajua, na huswali safu ya mbele.