Usiandike «mguu» tu

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, leo ukurasa wetu wa usalama na afya hausemi juu ya kofia ya kazi wala viatu vya chuma. Unasema juu ya watoto.

Siku ya kwanza ya juma moja, mtumishi mmoja aliniletea kwenye dispanseri kijana wake wa miaka 11. Mguu umekatika, kifua kinakohoa. «Monganga, ameumia akicheza mpira.» Nikauosha mguu. Tope lililotoka lilikuwa jekundu lenye punje za kijani. Wewe mtu wa Kolwezi unajua: hakuna kiwanja cha mpira chenye tope la namna ile. Nikanyamaza, nikafunga bandeji. Baba mwenyewe ndiye aliyesema mwishoni: deni la masomo limekaa, na kila siku ya posho mtoto anakwenda na wenzake kuosha mawe.

Katika kitabu changu niliandika: «jeraha la mguu». Basi. Hapo nilikosea, na ninakuambia wazi. Aliyekuja nyuma yangu kuhesabu watoto walioumia katika machimbo hakumkuta yule kijana. Kwa hesabu ya serikali, hakuumia popote.

Inchi yetu haikukosa sheria. Ilikubali Mapatano ya Haki za Mtoto tarehe 27 Septemba 1990. Sheria nambari 09/001 ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na anayemtumikisha katika kazi mbaya zaidi, kama zile za machimbo, anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3. Hata kodi ya machimbo inatoa karata ya mchimbaji wa mkono kwa mtu mzima peke yake. Tena kuna CISTEMA, tume ya wizara mbalimbali ya kufuatilia kazi ya watoto katika machimbo ya mkono. Lakini tume iliyo mbali inaona kile tu kilichoandikwa huku chini. Katika 2014 UNICEF ilikadiria watoto karibu 40.000 katika machimbo ya kusini ya inchi. Ni makadirio, maana wengi hawakuandikwa mahali.

Kwa nini monganga anajitia katika mambo haya? Kwa sababu mwili wa mtoto si mwili wako mdogo. Mifupa yake ingali inakua, na gunia la mawe linaipinda mgongoni. Anapumua haraka kukushinda, basi vumbi linaingia zaidi. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa Kasulo, kartie ambamo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao tangu 2014. Matokeo yalitoka 2018: watoto walikuwa na kobalti katika mkojo kupita wakubwa, na alama za kuharibika kwa chembe za mwili. Wengine kati yao hawakuchimba hata siku moja. Walikuwa wanacheza tu nyumbani, katika vumbi. (Kwa hiyo kombinezo yako, baba, iache kazini. Usimbebe mtoto mchanga nayo. Mama naye asiifue pamoja na nguo za watoto.)

Sasa, ukileta mtoto aliyeumia, nitakuuliza umri wake, ameumia wapi, alikuwa akifanya nini. Usiniambie mpira. Wengi wanaogopa kwamba nitaita polisi. Mtoto anayetumikishwa, sheria inamhesabu wa kulindwa, si wa kufungwa. Na asistanti wa jamii anaanza kwa kuja nyumbani kuuliza shida iko wapi. Wale wanaonunua mawe mikononi mwa watoto kwa franga kidogo ndio wenye sababu ya kuogopa.

Jambo la pili ni kartasi ya kuzaliwa. Mtoto anapashwa kuandikishwa kwenye biro ya serikali ndani ya siku 90, na katika siku hizo ni bure. Ukichelewa utakwenda mpaka tribinali. Nimeona kijana mwenye sura ya miaka 13 ambaye bwana wa shimo alimwita wa 18, na mzazi hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Najua, bado wanaomba franga ya hiki na kile, tena madarasa yamejaa. Ukiombwa, usimtoe mtoto kimyakimya. Nenda na wazazi wenzako kwa mkuu wa masomo, mwulize kwa sheria gani.

Yule kijana alirudi kufunguliwa bandeji baada ya siku nane. Nikafungua kitabu, nikarekebisha mstari wangu mbele ya baba yake: miaka 11, kuosha mawe, ziwani. Baba akasoma. Akaniomba kalamu, akaandika jina la lile ziwa.